Siku moja na anemoni-zulia: kutoka alfajiri hadi taa zinapozimwa

Saa 11:30 alfajiri

Kabla ya chai, tochi. Mwanga uwe hafifu, upite pembeni ya kioo bila kummulika. Anemoni-zulia, mnyama laini wa baharini mwenye minyiri, ninayemfuga kwenye tangi la maji ya chumvi hapa Mombasa ni Stichodactyla haddoni, anayeishi mchangani. Saa hii huwa amejikunja nusu, na hilo ni kawaida. Ninachoangalia ni mdomo. Ukiwa umefumba kama mfuko uliokazwa uzi, usiku umepita salama. Ukiwa umeachama na matumbo meupe yametokeza, kuna kazi.

Pembeni yake huenda pakawa na uzi wa kamasi ya kahawia. Kidogo tu ni kinyesi, nakivuta kwa bomba jembamba. Ukitoka mwingi siku baada ya siku huku rangi ikififia, anatema mwani unaoishi ndani ya nyama yake, na huo mwani ndio unaomtengenezea sehemu kubwa ya chakula chake. Mara nyingi chanzo ni joto au mwanga uliobadilishwa ghafla.

Naangalia pia unyayo. Haddoni huushikiza kwenye kitu kigumu chini ya mchanga, mara nyingi kioo cha sakafu, ndiyo maana mchanga wake una kina cha sentimita 10. Akianza kutembea, mahali hapajampendeza: mkondo ni mkali mno, mwanga hautoshi, au mchanga ni mfupi. Kila pampu ina sifongo mdomoni. Anemoni akinyonywa na pampu husagika, na sumu yake inaweza kuua tangi zima kabla ya adhuhuri.

Saa 12:15 asubuhi

Vipimo viwili tu: joto nyuzi 26, na chumvi 1.025 hadi 1.026 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji matamu). Refraktometa, kifaa cha kupimia chumvi, isawazishwe kwa maji ya kipimo ya chumvi 35 (gramu kwa kilo ya maji), maana ukiisawazisha kwa maji matamu inaweza kukudanganya pale pale unapoihitaji. Usiku maji yamepungua lakini chumvi imebaki, kwa hiyo ninachoongeza ni maji matamu yaliyochujwa kwa osmosisi. Maji ya kisima, hasa ya hapa kisiwani ambako visima vingi vina chumvichumvi, hayaingii humo hata kikombe.

Saa 2 asubuhi

Natoka kwenda kazini. Anayebaki nyumbani ana maagizo mawili: asimlishe, na umeme ukikatika ahakikishe pampu ya hewa ya betri imewaka. Maji ya vuguvugu hushika oksijeni kidogo, na tangi lisilo na mkondo huishiwa pumzi mapema kuliko watu wanavyodhani.

Saa 4 asubuhi

Taa zinaanza taratibu, zinapanda kwa muda wa saa nzima. Jumla ni saa 10 kwa siku. Anemoni mgeni haanzi na nguvu yote: asilimia 30, kisha napandisha kidogo kidogo kwa wiki tatu. Wengi huharibu hapa. Wanamwona amenywea, wanadhani ana njaa ya mwanga, wanaongeza, naye anazidi kupauka.

Saa 8 mchana

Saa ya hatari, hasa msimu wa kaskazi. Feni juu ya maji hupoza kwa kuyavukiza, lakini hewa ya pwani imeshiba unyevu, basi feni peke yake haifiki mbali. Kipoza maji ndicho kinachobeba kazi, nacho kipangwe kuwaka kwenye nyuzi 27.

Saa 11 jioni

Leo ni siku ya kulisha. Ziko mbili kwa wiki. Kamba mbichi, asiye na chumvi wala ndimu, amemenywa na kukatwa vipande vidogo kama ukucha wa kidole kidogo. Nazima pampu za mkondo kwa dakika 10, nashusha kipande kwa koleo ndefu, nakiachia karibu na mdomo. Minyiri yake hunata kama gundi, basi glavu ni lazima. Kipande kikubwa atakishika kwa uroho, halafu kesho utakikuta kimetemwa, donge jeupe la kuoza linalopandisha amonia. Kisha pampu ziwashwe! Naweka kengele ya simu, kwa sababu hili husahaulika.

Kunywea mara moja akitoa uchafu, kisha kufura tena baada ya saa chache, si ugonjwa. Kunywea na kufura kila siku huku mdomo umelegea ni maambukizi. Hapo huhamishiwa tangi la pembeni. Kipimo kinachotumiwa na wafugaji wengi ni siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, miligramu 250 kwa lita 40, kila siku kwa wiki nzima, maji yote yakibadilishwa kila mara. Dawa hutiwa taa zikishazimwa, kwa kuwa mwanga huivunja. Isitiwe tangi kuu, inaweza kuua bakteria wanaosafisha maji. Na kumng'oa usivute: mbembeleze ukingo wa unyayo kwa ukucha, au weka barafu nje ya kioo aachie mwenyewe. Unyayo ukichanika, huenda dawa isimwokoe.

Saa 1:30 usiku

Kuhusu samaki wenza: wale wa anemoni wanaojulikana pwani yetu, Amphiprion allardi na Amphiprion akallopisos, baharini wamezoea Stichodactyla mertensii, zulia linaloweza kupita mita moja kwa upana na lisilofaa tangi la nyumbani. Haddoni hupatana na Amphiprion clarkii. Samaki wanaojikalia mchangani polepole, usimwekee kabisa, atawala.

Saa 2 usiku

Taa zinashuka, pia kwa saa nzima, kisha nabakiza ubluu hafifu. Giza la ghafla huwatia samaki kiwewe, wakakimbilia popote, na zulia liko wazi limewangoja. Juu kuna wavu. Nahesabu samaki: sita. Akikosekana mmoja natazama sakafuni kwanza, halafu kwenye zulia, kama katikati pamevimba.