Siku moja maishani mwangu: nikilinganisha karatasi za magazeti za nchi mbili ndogo

Saa 2:00 asubuhi. Nataka kulinganisha karatasi za magazeti zilizoagizwa na nchi mbili ndogo, mwaka kwa mwaka. Kwanza msimbo, yaani namba ya bidhaa kwenye takwimu za biashara, kupakua data baadaye. Karatasi za magazeti ni 4801 kwenye mfumo wa HS, orodha ya kimataifa ya bidhaa inayotumiwa na forodha, lakini HS ilianza kutumika mwaka 1988. Anayetaka kurudi hadi miaka ya 1960 atumie namba 641.1 ya SITC, orodha ya Umoja wa Mataifa ya takwimu za biashara, ambayo imebaki na namba ileile toleo baada ya toleo. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, nao wana mfululizo unaoanzia 1961, kwa tani na kwa dola. Nachukua yote miwili.

Saa 3:00. Nagawanya thamani kwa uzito, mwaka kwa mwaka. Tani moja kwa kawaida hugharimu dola mia kadhaa. Ikitoka dola 0.6 au dola 600,000, kuna mahali kilo zimeandikwa kama tani, au kinyume chake. Tani zilezile zikijirudia miaka mitatu mfululizo, natazama alama zilizo pembeni: mara nyingi nchi haikuripoti, na hayo ni makadirio tu.

Saa 4:30. Hapa ndipo kazi inapochukua muda. Nchi ndogo haiagizi kila mwezi. Mchapishaji mkubwa mmoja anaweza kujaza ghala la miezi mingi kwa mzigo mmoja. Meli ikitia nanga Desemba badala ya Januari, grafu inaonyesha mwaka wa neema ukifuatiwa na mwaka wa njaa, ilhali magazeti yalitoka kila siku kama kawaida. Natumia wastani wa miaka mitatu, ila tani halisi naziacha kama vitone nyuma ya mstari, maana wastani huo huo unaweza kuficha gazeti lililofungwa kweli.

Saa 7:00 mchana. Natazama nchi zilizouza karatasi hizo zimeripoti nini. Kwa kawaida waagizaji huandika thamani ya CIF, yaani pamoja na bima na nauli, wauzaji huandika FOB, yaani bila hizo mbili, kwa hiyo dola hazitalingana. Tani ndizo zinazopaswa kukaribiana. Zikiachana sana, nashuku bandari ya nchi ya tatu: mzigo umepitia huko na kuhesabiwa huko.

Saa 8:30. Uzito wa karatasi yenyewe. Tani moja ya gramu 48.8 kwa mita ya mraba inatoa takriban mita za mraba 20,500. Ya gramu 45 inatoa 22,200. Nchi iliyohamia karatasi nyepesi inaweza kupunguza tani kwa karibu asilimia 8 bila kupunguza hata ukurasa mmoja.

Halafu kuna msimbo 4902 wa HS, magazeti na majarida yaliyokwisha kuchapwa. Mojawapo ya nchi hizo ikianza kuchapia magazeti yake ng'ambo, 4801 inaporomoka na 4902 inapanda. Ukitazama upande mmoja tu, utatangaza kifo cha magazeti yanayouzwa bado mitaani.

Saa 10:00. Nagawanya tani kwa idadi ya watu, kilo kwa kila watu 1,000. Dola nazichora mbali, kwa sababu mwaka 1995 bei ilipanda kwa kasi duniani, na thamani inaweza kukua huku tani zikishuka.

Saa 11:00 jioni. Miaka ya makadirio inachorwa kwa mstari wa nukta nukta. Kwenye 2017 naweka mstari wa wima: mwaka huo kiwango cha chini cha upana wa roli kwenye 4801 kilishuka kutoka sentimita 36 hadi 28, na roli nyembamba zikaingia.