Kibaya chajitembeza? Basi tutembee

Wiki iliyopita mwenzangu mmoja aliniomba nimthibitishie kwamba alihudhuria mafunzo yetu ya walimu, yale ya kuwanoa wanaofundisha wanafunzi wa udaktari na ukunga hospitalini. Pointi zake za mafunzo, zinazohitajika kuhuisha leseni ya kazi, hazijaingia kwenye mfumo, na leseni inakaribia kuisha. Nikachukua daftari la mahudhurio la miaka 3 nimtafutie saini. Saini niliipata upesi. Niliyoyaona nikiitafuta ndiyo yaliyonikalisha hapa.

Majina ni yale yale. Watu kama 20 hivi wanajirudia kila muhula: jinsi ya kutunga maswali ya kuchagua, jinsi ya kutoa mrejesho, jinsi ya kuandaa mtihani wa vituo, ule ambao mwanafunzi anapita kituo hadi kituo akipimwa ujuzi. Karibu wote wana ofisi. Mwenye ofisi anaweza kufunga mlango saa nane mchana akaja kukaa ukumbini hadi jioni bila kumpigia mtu magoti amshikie zamu. Mmoja wao (namheshimu sana, akisoma hapa asininunie) hajasimama na mwanafunzi kando ya kitanda tangu mimi nikiwa intani.

Na wasiokuwamo? Madaktari wanaosomea ubingwa, ambao jua likishazama wao ndio walimu pekee waliobaki wadini. Wakunga, wanaomshika mwanafunzi mkono na kumwonyesha namna ya kukikinga kichwa cha mtoto kinapotoka. Wenzetu wa hospitali ndogo za mbali, tunakowapeleka wanafunzi kwa wiki kadhaa kisha tunashangaa wamerudi wanajua kushona jeraha. Niliwauliza wanafunzi 9 wa mwaka wa mwisho: nani alikufundisha kutundika dripu? Hakuna hata mmoja aliyetaja jina lililomo daftarini.

Sasa niseme langu. Usajili wa mafunzo hayo niliuratibu mimi kwa miaka 2. Fomu ilifunguliwa Jumatatu saa mbili kamili asubuhi, nafasi 30, wa kwanza kufika wa kwanza kupata. Nilijivunia utaratibu ule, kwa kuwa haukuwa na mtoto wa mjomba wala rafiki wa mkuu. Siku moja fomu ya mkunga mmoja ikaingia saa sita na nusu mchana, nafasi zimekwisha kitambo. Nikamjibu kwa adabu zote ajaribu muhula ujao. Akanirudishia mstari mmoja: "Nimekuwa leba tangu jana usiku, ndiyo kwanza naiona simu." Nilisoma, nikasema pole moyoni, nikaendelea na kazi. Mlango ulikuwa wazi kwa wote, ila niliufungua saa ambayo wengine mikono yao ilikuwa na glavu.

Nilipopeleka wazo kwamba tuache kuwasubiri ukumbini na tuwafuate wadini, mzee mmoja kwenye kikao akanimaliza kwa methali: "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Watu wakacheka. Hofu yake niliielewa. Kila tukitaja usawa, kuna mtu anasikia tunashusha kiwango: mafunzo ya dakika 10 kwenye korido, bila slaidi, bila mwezeshaji mwenye jina.

Lakini hicho kiwango tunachokilinda ni kipi? Mwaka 1999 mtafiti Dave Davis na wenzake walipitia majaribio yaliyopima mafunzo endelevu ya madaktari, wakaona mihadhara peke yake haibadilishi utendaji. Kinachobadilisha ni mafunzo yenye mazoezi. Mwaka 2006 wakarudi na jambo linaloniuma zaidi. Madaktari hawajui vizuri kujipima wenyewe, na katika baadhi ya tafiti walizopitia, aliyepotoka kuliko wote ni yule mwenye ujuzi mdogo na anayejiamini mno. Weka hayo mawili pamoja: ukumbi wa mihadhara, na mlango wa ajitakiaye. Huo ndio ubora tuliokuwa tunauhofia usishuke.

Niliwakumbusha pia habari ya Sanjeev Arora, daktari wa ini huko New Mexico, Marekani. Mwaka 2003 alianza kukutana kwa video na wahudumu wa zahanati za vijijini na magereza, wakijadili wagonjwa wao halisi wa homa ya ini aina ya C, mara kwa mara, si siku moja na cheti. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2011, waliopona kliniki ya chuo kikuu walikuwa asilimia 57.5, na huko pembezoni waliopona walikuwa asilimia 58.2. Ubingwa ulitembea, na njiani haukupungua uzito. Mzee hakujibu, ila hakucheka tena.

Tukaanza na kitu kidogo: hatua 5 za kufundishia kwa dakika chache, zilizoandikwa na Neher na wenzake mwaka 1992. Mfanye mwanafunzi aseme anachofikiri. Muulize amekitoa wapi. Mpe kanuni moja ya jumla. Mwambie alichopatia. Mwambie alichokosea. Tulikuwa tunafika wakati wa kupokezana zamu, tunasimama kando ya meza ya wauguzi, dakika 10, tunaondoka. Wiki inayofuata tunarudi kumtazama mtu akifundisha kweli. Katika piramidi ya George Miller ya mwaka 1990, inayopanga ngazi za kupima ujuzi wa daktari, ngazi ya juu kabisa ni ile ya kufanya kazini kwenyewe, na sisi tulikuwa tumeridhika na wanaojaza dodoso kwamba wamefurahi.

Usiku mmoja nilimtazama daktari anayesomea ubingwa, ana mwanafunzi na mgonjwa anayehema. Zamani angemhutubia. Safari hii akauliza, "Wewe unafikiri nini?" halafu akanyamaza. Kimya kile kilikuwa kirefu mpaka nikataka kujibu mimi. "Nadhani ni moyo," mwanafunzi akasema. "Umeona nini?" "Miguu imevimba. Na hawezi kulala chali." "Vizuri, hilo la kulala chali wengi hawaulizi. Ila shingo hukuitazama. Njoo." Wakarudi kitandani, wakainama wote wawili wakiitafuta mishipa ya shingo. Haikufika dakika 4.

Siyo kwamba mambo yote yalinyooka. Mara nyingine tulifika wadi inawaka moto kwa kazi, tukageuza. Wadi moja mafunzo yaligeuka hadithi za mwezeshaji, na hapo mzee alikuwa na haki ya kununa. Pointi ndizo zilizonitoa jasho: chombo kinachozitoa kinahesabu saa za kikao kimoja, kwa hiyo dakika 10 mara 6 kwao ni sifuri. Niliandika barua, nikaandika tena. Hatimaye wamekubali tuzifunge 6 kuwa saa moja, kwa majaribio. Kuna mtu analala ukumbini saa nzima anapata pointi yake bila maswali, lakini huyo wa wadini lazima kwanza tumwombee msamaha.

Na yule mkunga. Nilimfuata leba, nikamkuta anafundisha. Hakusema mengi; aliweka kiganja chake juu ya mkono wa mwanafunzi, akaulegeza, akasema "Hapo," kisha akautoa wake. Mtoto alipotulia kifuani kwa mama, akamwuliza mwanafunzi, "Wapi uliogopa?" Nimesoma vitabu vya mrejesho, swali hilo sikuwa nalo. Nilipotaka kumweka kwenye orodha ya wawezeshaji nikaambiwa haiwezekani, hana shahada ya uzamili. Nimemweka hata hivyo, jina lake likiwa chini ya langu kwenye fomu. Bado sijaridhika nalo, kwa sababu mwalimu wa hapo ni yeye.

Fomu ya ukumbini sasa inakaa wazi siku 7, na nafasi 15 kati ya 30 ni za walio zamuni. Wakizidi, tunapiga kura. Wenye ofisi wamelalamika, nami nimewajibu kwa adabu zote wajaribu muhula ujao.

Daftari la pili liko wadini, limefungwa kwa uzi kwenye meza ya wauguzi lisipotee. Ukurasa wa kwanza una doa la ayodini na majina 11. Niliyoyajua ni 2 tu.