Ufukweni kwa Fenimore Cooper

Kutoka Newark tulikwenda saa nne barabarani, mimi na mpwa wangu, hadi Cooperstown, jimbo la New York. Yeye alitaka makumbusho ya besiboli. Mimi nilimfuata James Fenimore Cooper, mwandishi wa riwaya wa Kimarekani wa karne ya 19.

Sanamu yake imekaa bustanini, jirani kabisa na hayo makumbusho.

"Mjomba, huyu naye alicheza besiboli?"

Hakucheza. Baba yake ndiye aliyeanzisha mji huu. Mwana alitimuliwa chuo cha Yale kwa utundu mwaka 1805, akawa baharia. Inasimuliwa kwamba siku moja, akimsomea mkewe Susan riwaya ya Kiingereza, aliitupa akasema yeye angeandika nzuri zaidi. Mke akamcheka. Riwaya yake ya kwanza, ya 1820, haikuwa kitu. Ya pili, The Spy, ikampa jina. Mwaka 1826 ikatoka The Last of the Mohicans, yaani Wa Mwisho wa Wamohicani, na mwindaji wake wa porini akajulikana hadi Ulaya. Hapo nina neno: kichwa cha kitabu kimewazika Wamohicani, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, wangali hai. Wazao wao wako jimbo la Wisconsin hadi leo.

Kaburi liko uani kwa kanisa la Christ Church, bamba la jiwe lililolala chini, bila mbwembwe. Alifariki Septemba 14, 1851. Kesho yake angetimiza miaka 62.

Tukashuka ziwani Otsego, pale mto Susquehanna unapoanzia. Mto mkubwa ule, ila hapa ni mwembamba: kijana alirusha kokoto ikaangukia ng'ambo.

Alasiri tukafika Three Mile Point, ufukweni mwa ziwa hilohilo, tukafungua chapati zetu juu ya nyasi. Hapa ndipo Cooper alipokosana na majirani. Walizoea kuja kula na kupumzika, hata wakadhani ni pao. Mwaka 1837 akatoa tangazo gazetini: ardhi ni ya familia, wageni wakae mbali. Watu wakafanya mkutano, wakaazimia vitabu vyake viondolewe maktaba. Magazeti yakamshambulia, akayashtaki, akashinda kesi kadhaa. Kisheria alikuwa na haki. Lakini mtu aliyeandika misitu isiyo na uzio, kugombea kipande cha ufukwe!

"Kwa hiyo alikataza watu kuogelea hapa?"

"Alikataza, mjomba."

Akavua viatu, akanikabidhi kofia yake, akajitosa.