Nilisema "eeh"

Leo siku ya sita na lile neno langu bado linanirudia. Jumamosi tulikutana kwa Bi Mkubwa, yaani mama yetu, mwaka mmoja tangu mzee atutoke, watu wachache tu maana mwenyewe hakupenda makundi, alafu akasimama yule rafiki yake wa mbio za asubuhi (ndo aliyekuwa anamsomea mzee magazeti ya michezo kwa sauti kule hospitali), akanigeukia mimi.

"Mwanangu, si unajua baba yako mpira ndo ulikuwa mke wake wa kwanza? Mama yenu hapa alikuja wa pili."

Watu wakacheka. Nikasema, "Eeh baba, kweli kabisa."

Mama alikuwa anapanga viti. Hakusema kitu, aliniangalia mara moja tu akaendelea na kiti chake. Yule mzee simlaumu hata kidogo, alikuwa anamlilia rafiki yake kwa namna yake, lakini mimi? Mimi nimelelewa mle ndani. Wiki hii dogo kapata matokeo yake na amefaulu, kazini nimesaini mkataba mpya, na kote huko nilikuwa najisikia mwenyewe nasema eeh, kweli kabisa, eeh, kweli kabisa.

Jumanne mama kaniita, akanipa daftari la mzee, lile la jalada jeusi la kuandikia matokeo ya mechi. Akasema, "Soma. Usinirudishie mpaka umalize." Basi. Akaingia ndani.

Nilifungua nikijua ntakuta magoli tu, na kweli magoli yapo, tarehe, nani kafunga, dakika ya ngapi, mwandiko ule ule wa kubana bana. Nikafika Mei 25, 2005, fainali ya Liverpool na Milan kule Istanbul. Ameandika: "Mapumziko Milan 3 Liverpool 0. Nimezima, mtoto ana mtihani wa hesabu kesho."

Jamani. Huyo mtoto ni mimi! Miaka yote hii nilikuwa najua mzee alizima TV kwa hasira, yaani ndo stori niliyokuwa nawahadithia watu, kwamba aliikatia tamaa timu yake, kumbe alizima akaja kukaa na mimi mezani tukafanya sehemu na desimali mpaka nikaelewa, na wakati huo huo Liverpool wanarudisha magoli matatu ndani ya dakika sita na kuchukua kombe kwa penati. Chini yake kaongeza kwa kalamu nyingine: "Asubuhi nimeambiwa 3-3, penati tumeshinda. Hesabu kapata 84." Nimesoma hiyo mistari miwili nikacheka peke yangu kwa furaha, nikairudia, nikacheka tena, sijacheka hivo tangu aondoke.

Alafu ukurasa wa Julai 2, 2010. Ghana na Uruguay, robo fainali ya Kombe la Dunia. Mnaikumbuka hiyo, dakika ya mwisho kabisa ya muda wa nyongeza Suárez wa Uruguay anazuia mpira kwa mikono mstarini mwa goli, kadi nyekundu, penati, Gyan wa Ghana anagonga mwamba. Goli moja tu hilo lingeifanya Ghana timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali. Mzee aliisubiri siku hiyo maisha yake yote ya mpira. Ameandika: "1-1. Gyan mwamba. Penati za mwisho sikuziona, mdogo homa imepanda, nimembeba nje apate hewa. Wametolewa 4-2. Homa imeshuka saa nane usiku."

Na pembeni kabisa, wino mpya, "2022: Morocco wamefika." Nusu fainali hiyo. Miaka kumi na mbili baadaye karudi kwenye ukurasa ule ule wa homa ya dogo kuja kuandika hivo.

Bi Mkubwa hayumo kwenye daftari kwa jina, nimetafuta. Ila kila Jumapili ya mechi kuna herufi moja, M, na saa. M 10:00. M 11:30. Nikadhani ni mechi. Dogo ndo kaniambia, hizo ni saa za mama za dawa ya presha.

Daftari nimelimaliza jana na bado sijalirudisha, kwa sababu nikilirudisha itabidi nimwangalie usoni, na sijui naanzaje kumwambia ile eeh siyo yangu. Kesho ntaenda. Ntaenda asubuhi kabla hajatoka.

Alafu huu mkataba, nimeufungua tena usiku huu, ukurasa wa nne unasema muda wa kutoa notisi ni miezi mitatu, wakati mdomoni waliniambia mmoja, na saini yangu ishakaa pale chini.