Paukwa, Nao Wakaniitikia

Wiki hii nimelala vizuri, na nataka niandike kabla sijasahau nilivyokuwa.

Wasiwasi wangu wa kusema mbele ya watu haukungoja jukwaa. Hata kwenye matatu nilishindwa kumwambia kondakta "shukisha" watu wasije wakageuka. Nilipitiliza kituo, nikashuka na mwingine, nikarudi kwa miguu. Kazini, zamu ya kujitambulisha ikikaribia, koo lilikauka na viganja vikaloa jasho.

Mshauri niliyekuwa nikimwona aliniambia jambo ambalo nalishika hadi leo: kila ninapokwepa, hofu inapata nguvu. Ndipo nilipokubali kumfuata rafiki yangu kwenye jioni za kusimuliana visa vya maisha yetu, huku Eastlands, Nairobi.

Kuuelewa mwili kulinisaidia pia. Adrenalini inayoudundisha moyo wa mwenye hofu huudundisha pia wa mwenye furaha kubwa. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba waliojiambia wana msisimko kabla ya kuhutubia walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Nilishukuru mno kulijua hilo. Kumbe si lazima moyo utulie ndipo niseme! Nikavuta pumzi, nikaitoa polepole, nikainuka.

"Paukwa!"

"Pakawa!" ukumbi mzima.

Naamini dawa tulikuwa nayo tangu zamani. Hotuba hukutaka uanze peke yako, watu wamenyamaza wanakupima. Hadithi huwapa wao kazi kwanza. Walipoitikia tu, nilihisi tumeshaanza pamoja.

Nikasimulia moto wa Gikomba ulioteketeza kibanda cha Mama. Soko lile limeungua mara nyingi, na kila mtu Nairobi amezisikia habari hizo redioni. Mimi nilisimulia ufunguo. Mama alifika alfajiri, mabati bado yanafuka moshi, ufunguo ameufunga kwenye pindo la leso. Mlango haukuwapo. Kufuli lilikuwa chini kwenye majivu, jeusi, limeng'ang'ania kipande cha mnyororo. Akachuchumaa, akalifungua pindo, akajaribu kuuingiza ufunguo. Robota alilolifungua jana yake, lililojaa kamera, zile nguo safi za kuchagua mwanzo, halikubakiza hata kifungo.

Hapo sauti ilinitetemeka, nami sikuificha. Mama mmoja wa safu ya mbele akasema, "Pole, mwanangu." Nikaendelea.

Sikuwa nimekariri. Shuleni tulikaririshwa, na neno moja likipotea, yote yamepotea. Siku hizi nashika sentensi ya kwanza na ya mwisho tu. Katikati nafuata nilichokiona kwa macho yangu, na hicho hakinipotei.

Wasiwasi haujanitoka wote. Jana tu, simu ya mkubwa wangu ilinitoa jasho. Lakini niliipokea, na nikasema nilichotaka kusema.

Jumapili nilimsimulia Mama nilivyoieleza ile alfajiri. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza mbona sikumtaja jirani yake wa kibanda, aliyemgawia nusu ya meza na nguo za kuanzia. Kweli, bila huyo mama tusingelipa karo muhula ule. Jumamosi naisimulia tena, Mama amesema atakuja, na jirani yake nitaanza naye.