Mluzi wa Mlango wa Dereva: Nilivyouwinda Mpaka Nikaupata

Chini ya kilomita 70 kwa saa, mluzi wa mlango wa gari langu haukusikika. Nikikaribia 80 ulianza kwa mbali, nyuma kidogo ya sikio langu la upande wa mlango, kama mtu anayepiga mluzi huku akingoja wenzake. Kufika 100 ulikuwa hauna haya tena. Nikiongeza sauti ya redio kuufunika, mwendo ukipanda nao unapanda. Kelele za upepo ndivyo zilivyo: haziendi sambamba na mwendo, zinauruka. Ukiongeza kasi kidogo tu, kelele zinaongezeka sana.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuliamini sikio. Lilinielekeza kona ya juu ya mlango, kule nyuma dirisha linapokutana na nguzo ya katikati. Nikaikagua raba ya pale, nikaikuta imebonyea na kung'aa. Basi, nikajisemea, mwizi kashikwa. Nikanunua raba mpya, nikaipachika mwenyewe. Kazi yenyewe si ngumu, kwa kuwa raba nyingi za aina hii hubana tu kwenye ukingo wa bodi. La kuangalia ni kutoivuta wakati wa kuipachika, maana raba iliyovutwa baadaye hujirudi na kuacha pengo pale inapoungana. Kesho yake niliingia barabarani kifua mbele. Mluzi ule ule. Tena sasa mlango ulikuwa hautaki kufunga mpaka uubamize.

Hapo nikarudi nyuma kuuliza swali ambalo ningeanza nalo: hivi kweli huu ni upepo? Nilitafuta barabara laini, tambarare, isiyo na watu, nikafika 90, kisha nikaweka gia huru gari lijiendee lenyewe. Injini ikashuka, mluzi ukabaki vile vile. Nikapita kwenye lami mbovu. Mngurumo wa matairi ukabadilika, mluzi haukujali. Lakini lori lilipotupita, au upepo ulipotupiga ubavuni, ulikatika na kurudi. Huo ni upepo, hakuna ubishi.

Usiku mmoja nilimulika tochi ndani huku mdogo wangu akizunguka nje kutafuta mwanga unaopenya. Hakuona kitu. Baadaye nilielewa kwa nini: raba na kingo za mlango zina kona kona, na mwanga haupindi kona. Hewa inapinda.

Kilichonisaidia ni tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, inayobanduka bila kung'oa rangi. Tuliziba kila mwanya wa mlango wa dereva kwa nje: mzunguko wote wa mlango, ukingo wa kioo, kuzunguka shina la kioo cha pembeni, hadi kwenye ile pembetatu ya plastiki linaposhikilia. Nikaingilia mlango wa abiria, nikamwachia mdogo wangu usukani ili mimi nisikilize tu. Gari lilionekana kama mgonjwa aliyefungwa bendeji. Tukafika 100.

Kimya.

Sikumbuki kufurahia kimya namna ile. Tukasimama mahali salama, nikabandua tepu ya juu ya mlango, pale nilipokuwa na hakika napo. Tukaondoka. Kimya bado. Nikabandua ya nyuma, halafu ya chini. Kimya. Safari ya nne mdogo wangu akanigeukia: "Kaka, wewe unasikiliza gari au unalipigia ramli?" Sikumjibu. Nilishuka nikabandua tepu ya ile pembetatu ya kioo cha pembeni, na kabla hatujafika hata 90, mluzi huo umerudi na madaha yake yote.

Ikawa mbele, chini, karibu na dashibodi, ilhali mimi niliusikia nyuma ya sikio. Sauti nyembamba kama ile hugonga kioo cha dirisha na kurudi, ukadhani inatoka kule inakogonga. Kitu kingine kilichonishangaza ni kwamba kwa kawaida upepo hauingii ndani pale. Gari likienda kasi, hewa inayopita ubavuni mwa madirisha ya mbele huwa na mgandamizo mdogo kuliko iliyo ndani, kwa hiyo hewa ya ndani ndiyo inayofyonzwa kwenda nje kupitia kitundu. Nikiwasha feni kwa nguvu kwa kuvuta hewa ya nje, mluzi wangu ulibadilika sauti. Nilikuwa nimeshalisikia hilo wiki kadhaa nyuma nikalipuuza.

Nilifungua kifuniko cha ndani na kukuta hadithi nzima. Kioo cha pembeni kiliwahi kugongwa na kubadilishwa. Aliyekibadilisha hakurudisha sponji nyembamba inayokaa kati ya plastiki na bodi, na klipu moja ilikuwa imevunjika, kwa hiyo pembetatu ilikuwa inachezacheza upana wa ukucha. Nilikata sponji mpya, ile yenye vitundu vilivyofunga isiyonyonya maji, nikaweka klipu nzima, nikakaza bolti. Dakika kama 40, nyingi zikiwa za kutafuta skrubu iliyodondoka ndani ya mlango.

Mluzi ulikwisha. Ndipo nikausikia mwenzake, mvumo mnene wa "fuuu" kutoka mlango wa nyuma wa upande ule ule, ambao siku zote ulikuwa umejificha chini ya mluzi. Huu sikuukimbilia na raba. Nilikata ukanda wa karatasi, nikaubana kwa mlango sehemu moja baada ya nyingine, nikawa nauvuta. Sehemu zote uligoma, ila kona ya juu ya nyuma ulitoka kama unatoka kwenye kitabu. Nikapaka chaki kwenye raba, nikafunga na kufungua mlango: alama kwenye bodi ilikuwa mstari mzuri mpaka kufika kona ile, halafu ukafifia.

Raba ilikuwa nzima. Mlango ndio haukuingia vya kutosha. Kwenye nguzo kuna kile chuma chenye umbo la U ambacho kitasa hukidaka mlango ukifungwa. Nilikizungushia mstari wa kalamu nijue kilipokuwa, nikalegeza skrubu zake kidogo tu, nikakisogeza ndani kama milimita 1, nikakaza. Karatasi ikaanza kugoma. Ukisogeza zaidi ya hapo mlango utakuwa wa kubamiza, na hilo nilishajifunza kwa gharama.

Kuna mtu alinishauri nizibe kwa silikoni vitundu vilivyo chini ya milango. Usithubutu. Vile ni vya kutolea maji ya mvua yanayoteremka na kioo. Ukiviziba, mlango unaoza kutoka ndani. Mwingine akasema nipake raba oili ya injini. Oili za petroli huvimbisha na kulegeza raba nyingi za milango. Nilitumia grisi ya silikoni, nikiipaka kwa kitambaa baada ya kuziosha raba kwa maji ya sabuni na kuzikausha.

Raba ile mpya niliivua. Ya zamani, baada ya kuoshwa na kupakwa silikoni, inabana vizuri tu na mlango unafunga kwa kidole. Mpya iko stoo, imejikunja kama nyoka nyuma ya mlango, na mdogo wangu kila akiingia kuchukua kitu huuliza kama ramli ilisemaje kuhusu hiyo.