Sakafu ya joto chumbani kwa mama, Njombe

Asubuhi moja ya mwezi wa saba nilimkuta mama ameketi ukingoni mwa kitanda, kichwa kinamgonga, anatapika. Pembeni ya kabati jiko la mkaa lilikuwa bado na makaa mekundu, na madirisha yote yamefungwa. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Msimu wa kipupwe baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na nyumba zinazolala na jiko ndani ni nyingi. Kaboni monoksidi inayotoka kwenye mkaa haionekani wala hainuki, ndiyo maana inaua watu usingizini. Tulimtoa nje, akapelekwa hospitali, akapona. Siku hiyohiyo niliapa kwamba jiko halitalala tena chumbani kwake.

Hita ya umeme aliikataa. Inamkausha koo, na anaogopa kuigonga akiamka usiku. Halafu kinachomsumbua zaidi ni miguu. Mdogo wangu anayefanya kazi Ujerumani ndiye aliyenieleza habari ya waya wa joto unaolazwa ndani ya sakafu, kisha akanitumia pamoja na thamostati yake, kifaa kinachouwasha na kuukata kulingana na joto. Juu tulichagua vinili, plastiki ya sakafuni ya kubandika kwa gundi: ni nyembamba, joto linapita upesi kuliko kwenye mbao, na mama anaifuta kwa tambara lenye maji bila kuogopa.

Nilidhani kazi ni kulaza waya na kubandika vinili. Sakafu yenyewe ndiyo iliyonifundisha.

Ilikuwa ya zege la zamani, imepigwa niru na kupakwa rangi nyekundu miaka mingi. Kabla ya kuigusa nilikata nailoni ya nusu mita kila upande, nikaibandika sakafuni kwa selotepu pana pande zote nne, nikaiacha mpaka kesho yake. Asubuhi matone yalikuwa yamejipanga chini yake kama jasho kwenye mfuniko wa sufuria. Aliyejenga nyumba hakuweka nailoni chini ya zege, kwa hiyo unyevu wa ardhi ulikuwa unapanda miaka yote na kutoka kimyakimya. Sakafu tupu haioni shida, kwa sababu maji yanapotelea hewani. Ukiifunika kwa vinili, ambayo haipitishi maji, unyevu unabaki chini, gundi inalainika, kingo zinanyanyuka.

"Dada, hii tunakwangua rangi, tunapiga niru mpya, tunabandika. Siku tatu," fundi aliniambia.

Nilimwonyesha yale matone. Alichuchumaa, akayagusa kwa kidole, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi tuvunje."

Tukavunja yote. Mwezi wa pili tulichimba, tukashindilia mawe, tukamwaga zege jipya. Lilipokomaa tukatandaza nailoni nene, kingo zake tukazipandisha ukutani. Juu yake tukapanga mapande ya foamu ngumu ya sentimita 5, ili joto lipande kwa mama badala ya kupasha ardhi ya Njombe. Kuzunguka kuta tuliacha ukanda mwembamba wa foamu, maana sakafu ya joto inatanuka na kusinyaa. Ikikosa nafasi inapasuka.

Waya tuliufunga juu ya wavu wa chuma kwa mistari yenye nafasi sawa. Haukatwi, wala mstari mmoja haupandi juu ya mwingine, kwa sababu pale unapokutana unajichoma. Chini ya kabati hatukuupitisha. Kihisi cha joto tulikiingiza kwenye bomba dogo katikati ya mistari miwili, mdomo wa bomba tukauziba saruji isiingie, ili kikifa kesho kivutwe na kubadilishwa bila kuvunja kitu.

Hapa ndipo moyo wangu ulikuwa juu kuliko mahali pengine popote. Waya wetu ni wa wati 1,050, na kwa umeme wa volti 230 ukinzani wake, yaani jinsi unavyozuia umeme kupita, unatakiwa kuwa kama omu 50; namba hiyo ikisogea, ujue waya umeumia. Niliupima ukiwa bado kwenye boksi: 50. Nikaupima umeshafungwa kwenye wavu: 50. Siku ya kumwaga saruji niliiacha mita ya kupimia ukinzani imeungwa kwenye waya, nikakaa mlangoni naiangalia huku mafundi wanasambaza mchanganyiko. Kijana mmoja alishusha koleo kwa nguvu karibu na dirisha, nikapiga kelele hadi mama akatoka jikoni. Namba haikusogea. Lakini kuanzia hapo walifanya kazi kwa miiko tu, na kwa mikono. Waya ukichubuka wakati saruji ni mbichi unautoa na kuurekebisha. Ukigundua baada ya mwezi, unavunja chumba.

Tulimwaga milimita 65, mwanzoni mwa Machi. Hilo lilikuwa kosa langu la mipango, kwa sababu Machi huku bado ni mvua na ukungu. Saruji ya namna hii, hali ya hewa ikiwa nzuri, hukauka kwa kadiri ya milimita moja kwa siku mpaka milimita 50, na zinazobaki huenda polepole zaidi. Hesabu inakupeleka karibu siku 80. Fundi alitaka tuwashe joto ikauke haraka. Nilikataa. Saruji inahitaji maji yake ili ishike, na ikipashwa mapema inapasuka na kuwa ya ungaunga. Tulisubiri wiki nne, ingawa siku 21 ndicho kiwango cha chini, ndipo tukawasha kwa nyuzi 15, tukiongeza kidogokidogo kila siku.

Nilinunua kipima unyevu kidogo cha kidijitali, nikakifunika kwa beseni sakafuni, kingo nikazibana kwa selotepu, juu nikaweka blanketi. Kila kipimo kilikaa siku tatu, joto likiwa limezimwa. Mwisho wa Aprili kilisoma asilimia 91. Katikati ya Mei, 83. Karatasi ya vinili ilidai isizidi 75. Mama aliuliza kila siku, "Mwanangu, hiyo sakafu inaumwa nini?" Mwezi wa sita ukaanza, baridi ikaja, yeye akiwa bado analala chumbani kwangu. Tarehe 14 Juni kilisoma 73, na nilirudia kupima kwenye kona nyingine kabla ya kuamini.

Kusawazisha hakukuchukua muda. Rula ya alumini ya mita mbili ilionyesha bonde karibu na mlango na kinundu chini ya dirisha. Kinachovumilika ni kama milimita 3, kwa sababu vinili nyembamba inaonyesha kila kitu, hata punje ya mchanga. Kinundu tulikisaga kwa greinda, vumbi tukalifyonza, tukapaka dawa ya kushikisha, kisha tukamwaga saruji laini inayojisawazisha yenyewe, ile iliyoandikwa kwamba inahimili sakafu ya joto. Gundi nayo iwe ya aina hiyo, maana ya kawaida inalainika.

Maboksi ya vinili yalikaa chumbani siku mbili kabla. Thamostati tuliiweka kwenye nyuzi 18 na hatukuigusa siku mbili kabla ya kubandika na mbili baada yake. Ndipo tukapandisha polepole. Uso wa vinili hauruhusiwi kupita nyuzi 27, na kikomo hicho nimekifunga kwenye thamostati yenyewe. Zulia zito la mama nalo limehamia sebuleni, kwa sababu linazuia joto lisitoke na chini yake panachemka.

Umeme wake una njia yake ya peke yake, na swichi inayokata ukivuja miliampia 30. LUKU, umeme wa kulipia kabla, lazima niiseme wazi: waya ukiwaka saa nne bila kupumzika unakula uniti 4.2. Thamostati inaukata kila joto likifika, kwa hiyo matumizi ni chini ya hapo, lakini mama ametoka kwenye kundi la bei nafuu, la wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi. Tofauti naibeba mimi.

Ramani ya waya, pamoja na picha nilizopiga kabla ya saruji, nimezigundisha ndani ya mlango wa kabati, asije mtu akatoboa sakafu. Majirani wakisalimia "kamwene" mlangoni, mama anawaambia wavue viatu na soksi kwanza, wakanyage.

Sasa anataka na sebule. Nimemwambia tutamwaga Agosti, tupate miezi mikavu mpaka mvua za Novemba, na kile kipima unyevu nimekiweka kwenye droo pamoja na beseni lake.